Ukishapunguzwa tumbo, maji na chakula visikutane

Kwa mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, yaani mfuko wa chakula, na sasa mko nyumbani: ukimaliza kula, subiri dakika 30 ndipo unywe maji. Tumbo limebaki dogo. Ukishushia chakula na maji linajaa na unaweza kutapika. Kwa aliyeunganishwa utumbo upya katika upasuaji huo, chakula chaweza kupita mbio mno hadi utumboni, moyo ukadunda na jasho likakutoka.

Mimi hubeba chupa ndogo, na matatu ikiwa imekwama Thika Road, hunywa funda mojamoja. Foleni hiyo ndiyo saa yangu ya maji.

Mezani napakua kwenye kisahani cha kikombe, nakula kwa kijiko cha chai. Protini kwanza: yai, samaki, ndengu zilizopondwa. Ugali ndio ulioniadhibu. Tonge moja nililomeza bila kulitafuna vizuri lilinikaa kifuani hadi machozi yakanitoka. Daktari akikuruhusu chakula kigumu, anza na tonge la ukubwa wa harage.

Tembe za madini ya chuma usizimeze na chai, maana chai huzuia chuma kufyonzwa. Na shangazi akisema "ongeza kidogo, umekonda", mwambie ahsante shangazi, nimeshiba. Usibishane naye.