Homa Isiyoisha: Namna ya Kuelewa Magonjwa ya Kuambukiza na Wakati wa Kumwona Daktari Bingwa

Huku kwetu Kusini, mtu akiamka mwili umechoka na viungo vinauma, neno la kwanza kutajwa nyumbani ni malaria, na mara nyingi hatua inayofuata ni kupita duka la dawa. Sishangai, kwa kuwa malaria ipo kweli Lindi na Mtwara na inaua. Hata hivyo, homa ni dalili tu. Magonjwa yanayoileta ni mengi, na baadhi yake hayasikii dawa ya malaria hata kidogo.

Mwaka 2022 wilayani Ruangwa watu waliugua homa, maumivu ya kichwa na uchovu, na baadhi yao walitokwa damu puani. Mwezi Julai Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa huo ni leptospirosisi, ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la homa ya mgunda, yaani homa ya shamba. Bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia kwenye maji na udongo, kisha wakampata binadamu kupitia mchubuko wa ngozi, macho, pua au mdomo. Ugonjwa huu hutibika kwa antibayotiki, hasa ukiwahiwa, lakini mganga hataufikiria iwapo mgonjwa hakusema kwamba wiki iliyopita alikuwa akilima bonde la mpunga pekupeku au akisafisha ghala lenye panya. Kwa hiyo, unapofika zahanati, usiishie kusema unaumwa homa. Eleza kazi uliyofanya, maji uliyotumia, mnyama uliyemgusa au aliyekung'ata, safari uliyotoka, na kama nyumbani kuna mwingine anayeumwa hivyo hivyo.

Hata chikungunya, ambayo leo inajulikana duniani kote, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na jina lake limetoka katika Kimakonde, likieleza namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Huenezwa na mbu, ila si mbu wa malaria. Kwa kuwa inafanana na dengi, usinywe aspirini wala dawa za jamii ya diklofenaki kabla dengi haijaondolewa shaka, kwani zinaweza kuzidisha kutokwa damu. Parasetamoli inatosha kushusha homa.

Kipimo cha haraka cha malaria kinastahili kueleweka vizuri. Mhudumu hutoboa kidole, huweka tone la damu kwenye kibao kidogo cha plastiki, huongeza dawa ya maji, kisha husubiri dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo, kwa kawaida 15 hadi 20. Mstari mmoja penye herufi C maana yake malaria haikuonekana; mistari miwili maana yake imeonekana; na mstari wa C usipotokea, kipimo hicho kimeharibika na kinapaswa kurudiwa. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba vipimo vingi vya aina hii vinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, hivyo homa ikirudi mapema omba damu ipimwe kwa darubini. Dawa mseto ya malaria (ALu) humezwa mara sita katika siku tatu, dozi ya pili ikimezwa zikishapita saa nane tangu ya kwanza, na hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, kama vile karanga au maziwa.

Chukua daftari la shule na uandike siku homa ilipoanza, inapopanda, dawa zote zilizotumika na majibu ya vipimo. Usitupe maboksi ya dawa. Homa iliyopita siku tatu baada ya kumaliza dozi, au iliyofika wiki moja bila jina la ugonjwa, haistahili dawa nyingine ya kubahatisha. Ukiambiwa una taifodi kwa kipimo kimoja tu cha kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya vimelea, uliza kwa heshima kama inawezekana kuotesha damu maabara ili kuona kama bakteria wenyewe wamo, kwa sababu kipimo kile hukosea mara nyingi.

Zipo hali zisizosubiri daftari. Degedege, kuchanganyikiwa, shingo kukakamaa, kupumua kwa shida, kutokwa damu, macho kuwa ya manjano, mkojo kupungua sana au kutapika kila kitu: mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wenye homa wapimwe siku hiyo hiyo. Aliyeng'atwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kuchanjwa bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anahitajika homa inapokosa maelezo, inapojirudia, au mgonjwa anapokuwa na VVU, kisukari au ugonjwa wa figo. Kikohozi cha wiki mbili kianzie kituo cha karibu, ambako vipimo na dawa za kifua kikuu havilipiwi. Bingwa huhitajika hasa vimelea vinapokuwa sugu. Busha linahitaji daktari wa upasuaji, kwani vidonge vya matende na mabusha huua minyoo michanga lakini haviondoi maji yaliyokwisha kujaa.

Omba hati ya rufaa kwa uwazi, maana kuiomba si kumdharau aliyekuhudumia. Kwa Lindi, rufaa huelekea Hospitali ya Sokoine. Kwa Mtwara ni Ligula, na juu yake Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Kabla ya kusafiri uliza siku ya kliniki ya bingwa unayemhitaji, kwa sababu nauli ya kutoka Nanyumbu au Liwale si ndogo, na ubebe hati, kadi ya bima kama unayo, lile daftari na maboksi ya dawa.