Kuchagua otopailoti ya gurudumu kwa yoti ndogo: somo kwa walio Moshi na Arusha, yoti ikiwa Tanga

Otopailoti ni mashine inayoshika usukani wa yoti badala yako. Somo hili ni la mwenye yoti iliyofungwa Tanga, naye anaishi Moshi au Arusha. Lagi moja (kichwa cha kuungia waya) ikisahaulika, kuifuata ni safari ya zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo vipimo vichukuliwe Tanga, mashine ichaguliwe na kujaribiwa huku juu, kisha ishuke mara moja ikiwa kamili.

Mashine yenyewe ni duara linalobanwa kwenye spoku za gurudumu la usukani. Ndani yake kuna mota ndogo na mkanda. Ukivuta klachi, mkanda unakaza na mota inazungusha gurudumu; ukiachia, unashika gurudumu wewe mwenyewe. Vinavyoandamana nayo ni kihisi cha dira, kisanduku cha umeme na skrini yenye vitufe. Yoti inayoendeshwa kwa kana (mti wa kushikia usukani, badala ya gurudumu) haimo katika somo hili, ina mashine yake ya kusukuma.

Hatua ya 1: Jua uzito

Wengi huanza na urefu: "Yangu futi 32, nichukue ipi?" Urefu hautoshi kabisa. Tafuta uzito kwenye karatasi za yoti, uongeze asilimia 20 kwa ajili ya maji, dizeli, nanga na mnyororo wake, vyakula na watu. Yoti ya kilo 5,000 kwenye karatasi ni kilo 6,000 siku ya safari. Kwa mfano, otopailoti ya Raymarine EV-100 ya gurudumu ina ukomo wa kilo 7,500 yoti ikiwa imesheheni, na ni ya volti 12 tu. Sasa chukua yoti ya kilo 6,500 kwenye karatasi: ukiongeza asilimia 20 unapata 7,800. Imeshapita, hata kama muuzaji atakwambia ni kidogo tu. Yoti kama hiyo inahitaji mashine ya kufungwa chini ya sitaha, inayosukuma shina la usukani lenyewe, yaani mhimili unaogeuza usukani ulio majini. Ushauri wetu ni mkali kuliko wa kiwandani: kwa mashine ya 7,500, usivuke kilo 6,000 zilizosheheni. Ukomo ule hausemi lolote kuhusu bahari chafu ya Julai.

Hatua ya 2: Pima usukani kabla hujailaumu mashine

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Yoti ikiwa imetulia, zungusha gurudumu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, ukihesabu mizunguko. Kati ya 1 na 3.5 ni sawa. Ikizidi hapo, mashine itakuwa inachelewa, kwani mwendo wake wa kuzungusha ni mdogo.

Kisha zungusha kwa kidole kimoja. Likigoma, tafuta sababu: bushi za shina zimevimba, puli zimekauka grisi, au waya za usukani zimekazwa kupita kiasi. Halafu litikise polepole kushoto na kulia, mtu mwingine akiwa chini anaangalia shina. Gurudumu likicheza kabla shina halijasogea, waya zimelegea. Ubaya wake ni huu: kihisi kinaona omo (mbele ya yoti) imepotoka, mota inazungusha, usukani haujibu, mota inaongeza, waya zinapokuja kukaza, usukani umeshazidi na omo inavuka upande wa pili. Yoti itakwenda kama nyoka njia nzima na betri itakwisha mapema. Mashine ya bei yoyote haiponyi waya zilizolegea.

Hatua ya 3: Vipimo vya kurudi navyo

Idadi na unene wa spoku, kipenyo cha gurudumu, kipenyo cha shafti, nafasi kati ya gurudumu na nguzo yake, na kama spoku zimepindia ndani. Nafasi kati ya gurudumu na nguzo ndiyo husahaulika, na ndiyo huamua kama duara litaingia. Piga picha tepu ikiwa imelala kwenye kitu unachopima. Angalia pia patakapokaa pini ya kuzuia: bila pini hiyo, duara lenyewe ndilo litakalozunguka na gurudumu libaki limesimama. Tundu la pini lisiwe pana kuliko pini. Uwazi wowote hapo unarudisha ule mchezo uliouondoa kwenye waya.

Hatua ya 4: Waya za umeme

Mota ikilemewa inaweza kuvuta ampea 7. Tuseme betri iko mita 5 kutoka kwenye kisanduku. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 utapoteza karibu volti 0.8. Wa 2.5 utapoteza karibu 0.5, wa 4 karibu 0.3. Lengo ni kutozidi 0.36, yaani asilimia 3 ya volti 12, basi nunua wa 4. Uwe wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati. Waya mgumu wa nyumba, ule wa uzi mmoja, hukatika kwa mtikisiko. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwa ampea zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine.

Hatua ya 5: Jaribu mezani

Unga kila kitu kwenye betri ya gari ukiwa bado nyumbani. Geuza kihisi kwa mkono, mota ijibu pande zote mbili. Zima umeme, kisha pima kwa mita kati ya waya mbili za data za mtandao wa NMEA 2000, ule unaounganisha vifaa vya yoti: unatakiwa upate omu 60. Ukipata 120, tamineta moja (kizibo cha mwisho wa mtandao) haipo. Ukipata 40, kuna ya tatu iliyozidi.

Hatua ya 6: Kufunga na kuizoesha

Kihisi kikae chini, karibu na katikati ya yoti, angalau mita 1 kutoka kwenye spika, injini na dira nyingine. Makopo ya chakula nayo ni chuma, yasipangwe kabati la jirani. Siku ya bahari tulivu, zunguka miduara ya polepole hadi skrini ikubali. Mkengeuko, yaani kosa la dira ambalo skrini huonyesha, ukizidi digrii 15, hamisha kihisi.

Maswali yaliyoulizwa

Swali (Njiro): Fundi, nimepata iliyotumika kwa bei nzuri. Nikague nini?
Jibu: Mkanda, kaka. Vuta klachi, shikilia duara kwa nguvu, muuzaji abonyeze kitufe cha digrii 10. Ukisikia tak-tak-tak, mkanda unaruka meno. Pengine roli za kukazia zimelegea tu. Ila ukiona unga mweusi ndani, mkanda umelika. Punguza bei kwa thamani ya mkanda mpya.

Swali (Kiboriloni): Wakati wa upepo wa kusi, kwenda Pemba inanyooka, kurudi Tanga inayumba. Imeharibika?
Jibu: Hapana. Kurudi, mawimbi yanakupiga upande wa tezi (nyuma ya yoti) na kuigeuza yoti kabla kihisi hakijatambua. Punguza tanga kuu kwanza, uliache la mbele livute. Legeza demani (kamba ya kuvutia tanga), kisha ongeza usikivu wa mashine ngazi moja. Ikiendelea kuyumba, shika gurudumu mwenyewe.

Swali (Sanawari): Shikamoo mwalimu. Usiku nikiwa peke yangu, naweza kuiachia nilale?
Jibu: Marahaba. Hapana, mwanangu. Kanuni ya 5 ya kuzuia migongano baharini inataka mlinzi wakati wote, na mashine haioni ngalawa isiyo na taa wala nyavu.

Swali (Shanty Town): Betri moja ya 100 inatosha?
Jibu: Betri ya asidi ya ampea-saa 100 itumie nusu, yaani 50. Usukani ukiwa laini, piga hesabu ya ampea 2 kwa wastani: saa 10 ni 20. Zinazobaki 30 ni za taa, redio na GPS. Ukiwa na friji, ongeza betri ya pili.