Jinsi ya Kuutembelea Machynlleth, Mji wa Soko Chini ya Milima ya Wales

Kwanza chagua siku, na siku yenyewe ni Jumatano. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliupa mji huu hati ya kuendesha soko mwaka 1291, na hadi leo kila Jumatano meza za wachuuzi hupangwa kandokando ya barabara ya Heol Maengwyn, karibu na mnara wa saa. Nakushauri ufike Jumanne na kulala hapo, ili uamkie sokoni.

Pili, jifunze kulitamka jina la mji kabla hujapanda treni. Wageni wengi huliogopa, ilhali Mswahili ana sauti zake nyingi tayari: “ch” ya Kiwelisi, lugha ya Wales, ni “kh” ya kheri, “th” ni ile ya thelathini, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Kazi iko kwenye “ll”: weka ncha ya ulimi mahali pa kutamkia “l”, kisha upulize pumzi ipite pembeni mwa ulimi bila kutoa sauti ya kooni. Nilipomwamkia muuza jibini mmoja “bore da”, yaani habari za asubuhi, alitua kisu chake, akanisahihisha taratibu, kisha akanikatia kipande cha kuonja. Ukipokea, sema “diolch”, yaani asante.

Tatu, panda treni itokayo Birmingham na kupitia Shrewsbury. Treni hiyo hugawanywa Machynlleth, sehemu moja ikaenda Aberystwyth na nyingine Pwllheli, kwa hiyo usipitiwe na usingizi.

Mlima wa Cader Idris uachie Alhamisi. Panda basi la T2 liendalo Dolgellau, ushuke Minffordd, ambako “dd” ni “dh” ya dhahabu, lakini kabla ya kuanza kupanda hakikisha umeijua saa ya basi la kurudi, kwa kuwa mabasi ni machache. Njia ya mlimani huanza kwa ngazi kali za mawe ndani ya msitu wa mialoni, kisha hukufikisha kwenye ziwa la Llyn Cau, lililozingirwa na majabali pande tatu. Kilele kiko mita 893 juu ya usawa wa bahari. Mawingu yakiwa yameyafunika majabali hayo utakapofika ziwani, kaa ule chakula chako hapo, kisha urudi kwa njia uliyojia.