Kichefuchefu kinachogoma kuondoka

Homa imeisha, nguvu zinarudi, lakini kichefuchefu bado kipo? Mara nyingi ni tumbo ambalo halijakaa sawa: baada ya maambukizi ya virusi linaweza kuwa zito kusukuma chakula kwenda kwenye utumbo, hata kwa wiki kadhaa. Basi usilijaze. Kula kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, na mafuta yapunguze maana ndiyo hukaa tumboni muda mrefu. Maji nayo kunywa kwa mafunda madogo, si glasi nzima kwa mkupuo mmoja (kosa langu la kila mara). Ukishakula usijilaze, kaa wima kama saa moja. Harufu ikikuchefua, subiri chakula kipoe. Ukitapika damu, mkojo ukipungua sana au hata maji hayakai tumboni, nenda hospitali.