Mkeka wa mtoto wa kuchezea: mambo ya kuzingatia kabla hajazaliwa

Mdogo wangu anayekaa Nakuru, mtaa wa Section 58, anatarajia mtoto wake wa kwanza. Juma lililopita alinipigia simu jioni. "Dada, nimeona mikeka ya watoto, ile ya vipande vyenye herufi. Nichukue ama ningoje?" Nilimwambia angoje kidogo, lakini asingoje sana. Nikaanza kumweleza sababu, maelezo yakawa marefu kuliko salio la simu, ndipo nikaamua kuyaandika yote.

Tuanze na wakati, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tunanunua mkeka siku ile mtoto anapoanza kutambaa, tunautoa kwenye nailoni na kumweka juu yake jioni hiyo hiyo. Mimi nilifanya hivyo na kifungua mimba wangu hapa Kisumu. Niliutandaza mkeka mpya wa povu chumbani, nikafunga madirisha kwa sababu ya mbu, nikamlaza kwa tumbo acheze. Chumba chote kilinuka kama kibanda cha fundi viatu anapotia gundi. Kufikia usiku kichwa kilikuwa kinaniuma mimi mtu mzima, na yeye ndiye pua yake ilikuwa imegusa ule mkeka. Bado huwa naikumbuka jioni ile kwa uchungu.

Povu la mikeka ile mara nyingi huitwa EVA. Katika kulitengeneza hadi liwe laini na jepesi, kuna kemikali inayoweza kubaki ndani yake inayoitwa fomamaidi, ambayo Ulaya imeiweka katika kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi na mtoto aliye tumboni. Mwishoni mwa mwaka 2010, Ubelgiji na Ufaransa zilisimamisha uuzaji wa mikeka ya vipande kwa sababu ya fomamaidi. Baadaye, mwaka 2015, Umoja wa Ulaya uliweka kiwango kwa vitu vya kuchezea vya povu: hewa inayotoka kwenye povu isizidi mikrogramu 20 za fomamaidi kwa kila mita ya ujazo, ikipimwa ndani ya siku 28 tangu kipimo kianze. Nilipozisoma siku hizo 28 ndipo nilipoelewa kosa langu. Kemikali ya namna hii hutoka kwa wingi mkeka ukiwa mpya, kisha hupungua siku baada ya siku. Wanaopima wanaipa karibu mwezi mzima. Mimi sikuipa hata saa moja.

Kwa hiyo nunua ukiwa bado mjamzito. Si haraka isiyo na maana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye bado hajajua kujisogeza alazwe kwa tumbo akiwa macho, jumla ya angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo. Yaani hata kabla ya kubingirika, uso wake utakuwa chini kwenye mkeka. Ukiununua mwezi wa nane wa mimba, una muda wa kuupunga hewa kwa wiki nne bila presha yoyote.

Kuupunga kwenyewe kuna namna yake. Tunajua tayari jinsi ya kufanya na neti: ukipewa neti mpya yenye dawa kliniki, unaambiwa uianike kivulini saa 24 kabla ya kulala ndani yake. Mkeka ufanyie vivyo hivyo, ila uuongezee siku. Achanisha vipande vyote, uvioshe kwa maji na sabuni ya kipande, uviegemeze ukutani barazani penye upepo, visilaliane. Usivianike juani kutwa, maana jua kali hulichakaza povu likaanza kumeguka, na vimeguko ndivyo vitakavyoingia mdomoni. Sisi wa Kisumu joto linatusaidia hapa, kwa sababu kemikali hizi hutoka haraka zaidi kukiwa na joto. Joto hilo hilo linatudhuru mkeka ukiwa ndani ya nyumba ya mabati iliyofungwa. Mdogo wangu ana shida tofauti: Nakuru iko juu, jioni ni baridi, watu hufunga madirisha mapema, na harufu hubaki ndani nao. Yeye nimemwambia aongeze muda, na mkeka ukae barazani wala usikae chini ya kitanda.

Sasa, usiitegemee pua peke yake. Harufu kali ni onyo la kweli, na ukinusa mkeka ukakwaruzwa koo, urudishe mahali pake uende. Lakini kukosa harufu hakuthibitishi chochote. Madini ya risasi kwenye rangi hayanuki. Thaleti, zile kemikali zinazolainisha plastiki, karibu hazinuki. Hapa lazima ujue kitu kimetengenezwa na nini, na muuzaji akishindwa kukujibu, hilo nalo ni jibu.

Nataka nikae kidogo kwenye mkeka wa mbao, kwa sababu uko katika nyumba nyingi siku hizi, kuanzia Kondele hadi Kakamega. Ile kapeti ya plastiki inayouzwa kwa mita, yenye mchoro wa mbao, inapendeza, inafunika sakafu iliyopasuka, na inapanguswa kirahisi. Wazazi wengi wanaona haina haja ya kununua mkeka mwingine, mtoto atambae papo hapo. Lakini mkeka wa mbao kwa kawaida ni PVC. PVC kwa asili ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini kiasi cha kukunjwa huchanganywa na vilainishi, na kwa miaka mingi vilainishi hivyo vimekuwa thaleti. Hazijafungamana kabisa na plastiki, kwa hiyo hutoka polepole, hushikamana na vumbi, na mtoto akilamba mkono wake anazimeza. Baadhi yake huvuruga homoni za mwili. Ndiyo sababu Ulaya na Marekani zimeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa thaleti kadhaa katika vitu vya kuchezea vya watoto. Kapeti ya sakafu si kitu cha kuchezea, kwa hiyo mwanzoni kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili yake; Ulaya ilikifikisha kwenye kapeti za namna hii, kwa baadhi ya thaleti, mwaka 2020 tu. Sikuambii uing'oe. Nakuambia usimwachie mtoto ailambe: weka kitu juu yake, na upanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji kila siku badala ya kufagia kukavu.

Mikeka mingine ya watoto nayo ni PVC, ile inayong'aa na kunata kidogo ukiigusa. Ukiona alama ya pembetatu yenye nambari 3 ndani, hiyo ndiyo. Nikipewa kuchagua kati ya ile ya povu, naangalia iliyoandikwa XPE, ambayo ni jamaa ya polithini na haihitaji vilainishi vile. Ikikosekana, EVA iliyopungwa vizuri inafaa.

Povu ambalo sitalinunua kamwe ni lile lenye rangi mchanganyiko kama githeri, lililotengenezwa kwa vipande vya magodoro na viti vya zamani vilivyosagwa na kuunganishwa kwa gundi. Ni rahisi, na fundi wa viti atakukatia kwa kipimo chako. Shida ni kwamba povu la viti vya zamani, hasa vya kutoka ng'ambo, huenda liliwekwa kemikali za kuzuia moto zenye bromini. Mwaka 2009 Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kukomesha kemikali sumu zisizooza, uliziweka baadhi yake katika orodha ya zile zinazopaswa kukomeshwa duniani, lakini ukaruhusu kwa muda povu lenye kemikali hizo liendelee kusagwa na kutumika upya. Huwezi kujua kipande kipi kilitoka wapi. Vivyo hivyo na mikeka ya povu ya mitumba pale soko la Kibuye. Nguo za mitumba nanunua bila wasiwasi, nafua na kuanika. Povu siwezi kulifua hadi ndani.

Kuhusu alama na stika, nitasema machache. Bidhaa ya kutoka nje inapaswa kuwa na stika ya ISM, alama ya bidhaa za nje, ya KEBS, yaani shirika la viwango la Kenya, na ya kutengenezwa hapa nchini iwe na alama ya ubora ya KEBS yenye nambari ya kibali. Nambari hiyo unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Herufi CE si cheti cha kupimwa na mtu mwingine. Ni tamko la mtengenezaji kwamba amefuata sheria za Ulaya, na mtu asiye mwaminifu anaweza kuichapa. Kwa mikeka ya kitambaa, lebo ya OEKO-TEX Standard 100 ina uzito zaidi, kwa sababu ina nambari unayoweza kuitafuta kwenye tovuti yao, na kundi lake la kwanza ndilo kali kuliko yote, limewekwa kwa vitu vya watoto hadi miaka mitatu. Maneno kama "haina sumu" yaliyochapwa kwenye nailoni, bila jina la mtengenezaji wala anwani, usiyalipie hata shilingi. Nilipomuuliza kijana mmoja aliyekuwa akiniuzia, alinijibu kwa heshima, "Mathe, hata mimi naipata tu ikiwa imefungwa." Nilimshukuru kwa kusema ukweli, nikaenda zangu.

Rangi za michoro zifanyie jaribio moja jepesi: loweka kitambaa cheupe, sugua mchoro kwa nguvu kama mara ishirini. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia kwenye ulimi. Jaribio hili haliwezi kukuonyesha risasi ipo au haipo, lakini mkeka unaochuja rangi hauna nafasi nyumbani kwako. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Halafu kuna vile vipande vya herufi. Tumbo la herufi A, au duara la katikati ya O, hutoka kirahisi. Chukua mrija wa katikati wa karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Meno ya kwanza mara nyingi hutokea karibu na miezi sita, na mtoto hung'ata pembe za povu hadi zimeguke. Bora mkeka mmoja mzima wa kukunja. Kama umeshanunua wa herufi, toa herufi zote, utumie vipande visivyo na matundu, na kikianza kuliwa pembeni kitupe siku hiyo hiyo.

Mama mkwe wangu, kutoka Nyakach, aliponiona nikihangaika na lebo aliniuliza, "Nyathina, mwanangu, kwani sisi tuliwalea juu ya nini?" Aliwalea juu ya mkeka wa mafunjo, ule unaofumwa kwa togo la ziwani, na leso juu yake. Nilimsikiliza, na leo hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Mafunjo hayana vilainishi wala gundi, na hewa inapita. Lakini yana madhaifu yake, na mama mwenyewe aliyajua: kingo huchanika na kuchoma, vumbi hujificha katikati ya mafumo, na yakilowa mkojo au unyevu wa masika huota ukungu. Kwa hiyo mafunjo yakae chini, na juu yake mfarishi wa pamba ulioshonwa matabaka kadhaa, wa kufulika. Fundi cherehani yeyote atakushonea kwa leso kuukuu na blanketi jepesi katikati. Leso iliyofuliwa miaka mitatu imeshatoa rangi yote iliyokuwa itoke. Ikiwa ni mpya, ifue mara kadhaa hadi maji yawe meupe. Ishonwe imara pembeni, isibaki na ncha ya kumfunika uso. Nyumba ya sakafu ya udongo iongezee turubai chini kabisa, kwa sababu ya unyevu na funza, na uliinue kila siku ufagie.

Unene wa mkeka usikusumbue sana. Sentimita moja hadi moja na nusu inatosha kumkinga na baridi ya saruji na kumwokoa akijigonga. Ukibonyeza kwa ngumi na ukazama kama godoro, ni laini kupita kiasi: akilala kifudifudi pua itazama. Na hata uwe mzuri vipi, mkeka wa kuchezea si wa kulalia. Akisinzia, mwinue umlaze chali kitandani pake ndani ya neti.

Jambo la mwisho nimelisahau mara nyingi mwenyewe, na huku kwetu kando ya ziwa halikwepeki. Jioni tunapuliza dawa ya mbu. Matone yake hushuka sakafuni, na mkeka ulioachwa umetandazwa huyapokea yote, kisha asubuhi mtoto anaulamba. Utakuwa umechagua mkeka kwa uangalifu wa mwezi mzima na kuuharibu kwa dakika moja. Kunja mkeka kabla ya kupuliza, uutoe nje ya chumba pamoja na vitu vyake vya kuchezea, na kabla ya kuutandaza tena pangusa sakafu. Kwangu umetundikwa msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na watoto wenyewe sasa ndio wanaonikumbusha: jua likizama, mkeka ukutani.

Mdogo wangu ameamua kushonesha mfarishi, na chini yake atanunua mkeka mmoja wa XPE kwa sababu sakafu yake ni baridi. Leso nne zangu za zamani zinaondoka kesho kwa matatu ya saa mbili asubuhi.