Kabla ya kufungua SPSS, shika kalamu

Kidato cha nne nilipata F ya hesabu, nikaenda HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na nilipochagua saikolojia chuoni niliamini nimeagana na namba. Muhula wa kwanza wa uzamili nikakuta takwimu kwenye ratiba. Viganja vilitoka jasho darasani. Siku hizi kila Jumamosi nakaa na wadogo zangu wanaoanza uzamili, na tunaanza hivi.

Kompyuta zinabaki kwenye mabegi. Ukianza na SPSS, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, itakumwagia majedwali, utabonyeza bila kujua umefanya nini, na woga utazidi. Chukua karatasi, andika alama za watu watano kwenye PHQ-9, dodoso la sonona ambalo unalijua vizuri: maswali 9, kila moja 0 hadi 3, mwisho wake 27. Tuseme 4, 7, 9, 12 na 18. Jumla 50, wastani 10.

Hapo tulia kwanza. Mtazame huyu wa 18: amepita wastani kwa 8. Wa 4 yuko chini kwa 6. Andika zote: -6, -3, -1, 2, 8. Zijumlishe. Inakuja sifuri, na kila mwaka kuna anayefuta karatasi akidhani amekosea. Usifute! Walio juu na walio chini wanafutana, ndiyo maana kila tofauti tunaizidisha kwa yenyewe: 36, 9, 1, 4, 64. Jumla 114. Gawanya kwa 4, yaani watu watano toa mmoja, kwa kuwa hawa ni sampuli tu. Unapata 28.5, na kipeuo chake cha pili ni kama 5.3. Huo ndio mkengeuko sanifu, kipimo cha jinsi alama zilivyotawanyika kuuzunguka wastani, ile SD unayoiruka kila ukisoma makala.

Rudia kesho kwa namba nyingine, dakika ishirini zinatosha. Mteja anayeogopa lifti tunamsogeza kidogo kidogo, hatumruhusu akimbie mlangoni. Nawe jifanyie vivyo hivyo.

Ukifika kwenye jaribio la t, lile la kulinganisha wastani, kwa mfano wa makundi mawili, ujue lilianzia kwa William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyechapisha kazi yake mwaka 1908 kwa jina la Student. Alitaka kujua sampuli ndogo ni ya kuaminika kiasi gani. Ni swali lako lile lile ukiwa na wagonjwa kumi na wawili tu kliniki.

Kwa mhadhiri usiende na "sielewi chochote". Nenda na karatasi yako, mwonyeshe mstari ulipokwama.

SPSS tunaifungua Jumamosi ya tatu (asiye na leseni anatumia jamovi, ni ya bure). Tunaingiza zile zile namba tano, na kabla ya kubonyeza kila mtu anaandika pembeni jibu analolisubiri: 10 na 5.3.