Mvinyo wa mananasi nyumbani: dhibiti joto kwanza

Mananasi ya Luweero na Kayunga hutoa mvinyo mweupe mzuri sana. Sioni sababu ya mtu wa Uganda kusubiri zabibu ndipo ajifunze kazi hii. Mzabibu kwetu una shida mbili: unahitaji kipindi cha kupumzika, na unashambuliwa na ukungu pale mvua zinapofuatana. Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, katika misimu miwili. Dodoma, ambako wenzetu wa Tanzania huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, na mkulima huupumzisha mzabibu wake kwa kuupogoa. Nanasi halidai hayo yote.

Kitu kimoja tu hutuharibia kazi, nacho ni joto. Miongozo mingi iliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi wanaohangaika kuipasha hamira yao moto. Ukiifuata ilivyo hapa, utapata kinywaji kikali kinachochoma koo, na harufu ya nanasi imekwisha kabisa. Kwa hiyo katika mwongozo huu nitapita haraka kwenye mambo mengine na kukaa zaidi kwenye joto.

Hatua ya 1: Matunda na vyombo

Kwa lita 15 za maji ya nanasi andaa kama kilo 30 za matunda, kwa kuwa karibu nusu ya uzito huishia kwenye maganda na machicha. Chagua yaliyoiva hadi yananukia kwenye kitako. Tunda lenye sehemu iliyooza usilikate pembeni ukalitumia, liache. Vaa glavu unapomenya, maana nanasi lina kimeng'enya cha bromelaini kinachokula ngozi ya vidole.

Wako watu wanaoongeza maji ili wapate mvinyo mwingi. Mimi siwashauri. Nanasi lina uchachu unaokaribiana na ule wa zabibu, na ukilichanganya na maji unapoteza uchachu na ladha kwa pamoja, kisha unalazimika kufidia kwa sukari.

Tumia jerikeni mpya ya lita 20, ya plastiki ya kubebea chakula. Ile iliyowahi kubeba mafuta ya taa haisafishiki, hata uisugue wiki nzima. Jiki huua vijidudu, lakini suuza mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa, kwa sababu klorini iliyobaki huleta harufu ya dawa ya hospitali. Saga nanasi, kisha kamua kwa kitambaa safi cheupe.

Hatua ya 2: Pima sukari

Nunua hidromita. Ni kifaa cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maji ya tunda ukilinganishwa na maji matupu, ambayo husoma 1.000; sukari ikizidi, namba hupanda. Usipokuwa nacho unabahatisha tu. Nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzijoto 20, basi poza maji ya nanasi kwanza.

Tuseme imesoma 1.050. Hapo hamira ikimaliza sukari yote utapata pombe ya takriban asilimia 6.5. Kiwango hicho hakitoshi kuulinda mvinyo usiharibike. Lenga asilimia 11 na nusu. Hesabu ni rahisi: kila gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa karibu asilimia 1 ya pombe. Unapungukiwa asilimia 5, kwa hiyo 5 × 17 × 15, sawa na gramu 1,275. Tia kilo moja na robo, koroga hadi iyeyuke yote, kisha pima tena. Sukari yenyewe huongeza ujazo, hivyo utaona inahitajika kidogo zaidi. Ongeza taratibu hadi kifaa kisome karibu na 1.085.

Ukiweza kupata potasiamu metabisalfaiti, tia gramu 1.3 kwa lita hizo 15, funika kwa kitambaa, na usubiri saa 24 kabla ya kutia hamira. Dawa hii huzuia bakteria na hamira za porini zilizokuja na ganda. Pima kwa mizani ndogo kama ya sonara. Kijiko hakifai hapa, kwa sababu ikizidi mvinyo utanuka kiberiti.

Hatua ya 3: Hamira

Hamira ya mkate inachachusha, ila hutua vibaya chini na huacha harufu ya unga. Ukipata ya mvinyo, kwa mfano EC-1118, pakiti ya gramu 5 inatosha jerikeni nzima. Iamshe kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 40, kwa dakika 15. Mananasi hayana chakula kingi cha hamira, basi ongeza kijiko kimoja cha hamira ya mkate uliyoichemsha ikafa. Iliyo hai hujilisha kwa ile iliyokufa.

Acha nafasi juu kwa ajili ya povu. Toboa kifuniko, pitisha mrija mwembamba, ziba pembeni, na mwisho wa mrija uuzamishe kwenye chupa ya maji. Gesi itatoka ikibwabwaja na hewa haitaingia.

Hatua ya 4: Joto

Hamira inapokula sukari hutoa pombe, gesi ya kaboni na joto. Kwa kila kipimo kimoja cha Brix (yaani asilimia moja ya sukari kwa uzito) kinacholiwa, maji ya matunda hupanda kwa nyuzi 1.3 hivi kama joto halina pa kutokea. Maji yetu ya 1.085 yana zaidi ya Brix 20. Maana yake, yakifungiwa joto lote, yangepanda kwa zaidi ya nyuzi 26 juu ya hali yaliyoanza nayo. Ndiyo sababu jerikeni ya lita 20 ni rafiki wa anayeanza: ikilinganishwa na ujazo wake, ina ubavu mkubwa wa kupotezea joto kuliko pipa la lita 200, ambalo katikati yake hamira hujipika yenyewe.

Mvinyo mweupe unapenda nyuzi 18 hadi 22. Mchana wa Kampala au Luweero hufika 28 kwa urahisi, na ndani ya jerikeni huwa zaidi. Ikipita 30, harufu ya tunda huondoka pamoja na gesi. Ikiendelea kupanda, hamira huchoka na kusimama njiani huku sukari imebaki.

Fanya hivi. Weka jerikeni kwenye beseni lenye maji yanayofika nusu ya kimo chake, sakafuni, chumba kisichopigwa na jua. Ivike jerikeni gunia au shuka kuukuu, ncha zikiwa ndani ya maji, ili kitambaa kinywe na kubaki kibichi. Fungua dirisha, kwa kuwa upepo ndio unaokausha, na kukauka ndiko kunakopoza. Kisha gandisha chupa za soda zenye maji, uzamishe mbili kwenye beseni asubuhi na mbili jioni. Siku nne za mwanzo ndizo za vita, usisafiri. Bandika kipimajoto ubavuni na uandike namba kwenye daftari kila asubuhi na jioni.

Ndugu zangu wa Kabale mna bahati ya mwinuko. Gunia bichi peke yake linaweza kuwatosha.

Hatua ya 5: Kuhamisha na kusubiri

Mapovu yakikoma, pima. Ikisoma chini ya 1.000, kwa kawaida karibu na 0.995, na isibadilike kwa siku tatu, sukari imeisha. Hamisha kwa mrija, mashapo yabaki chini. Chombo kipya kijae hadi shingoni, kwa kuwa hewa huwakaribisha bakteria wa siki, na nzi wadogo wa matunda ndio wanaowabeba. Baada ya wiki nne hadi sita hamisha tena. Mvinyo uking'aa, tia kwenye chupa. Usiufunge ungali na sukari inayochachuka, chupa hupasuka.

Watu huuliza sana kama kinywaji hiki kinaweza kupofusha. Maafa ya Kabale mwaka 2010 yalitokana na waragi, pombe kali ya kukenekwa, yenye methanoli, ambayo ni pombe ya sumu. Mvinyo uliochachushwa kwa tunda safi huwa na methanoli kidogo sana. Usiukeneke, basi. Na kabla ya kuuza hata chupa moja, nenda Shirika la Viwango la Uganda upate alama ya ubora, na kodi yake uishughulikie mapema.

Hatua ya 6: Onja kwa kulinganisha

Tafuta chupa ya mvinyo mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc, ya Dodoma au ya Stellenbosch. Afrika Kusini ndiyo yenye mashamba mengi zaidi ya zabibu hiyo duniani, nayo hunukia matunda kiasi cha kukusaidia kulinganisha. Poza zote mbili sawasawa, mimina kidogo, nusa kabla ya kunywa.

Harufu ya siki inamaanisha hewa iliingia. Mayai yaliyooza ni hamira iliyokosa chakula. Uhamishe mvinyo ukiuacha udondoke kwa mchirizi, harufu itapungua. Ukihisi ukali unaochoma na huoni nanasi popote, fungua daftari kwenye siku ya pili na ya tatu, uangalie kipimajoto kilisoma ngapi, kisha awamu ijayo ongeza chupa za barafu kuanzia jioni ya kwanza.